Beowulf anamshukuru Mungu, kisha anachomwa moto: ni Mkristo au mpagani?

"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma fasihi, na nimepewa insha kuhusu Beowulf, ule utendi wa kale wa Waingereza. Nimeusoma wote kwa tafsiri ya Kiingereza cha kisasa. Kinachonichanganya ni dini. Beowulf anamtaja Mungu kila mara, lakini akifa anachomwa moto kama mpagani. Grendel, zimwi la kwanza analopigana nalo, anaitwa uzao wa Kaini, lakini Wadenmark wenyewe wanatoa kafara kwenye mahekalu ya sanamu. Halafu kuna hii 'wyrd', ambayo inatajwa kama vile ndiyo inayoamua kila kitu. Ni mungu wao au ni nini? Mhadhiri mmoja alituambia utendi ni wa kipagani na watawa waliuchomekea Ukristo baadaye. Mwenzangu chumbani anashikilia kuwa Beowulf ni mfano wa Yesu. Na mchungaji wangu, nilipomwonyesha kitabu, aliniuliza Mkristo anatafuta nini kwenye hadithi za mazimwi. Nimwamini nani, na niandike nini?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja. La mchungaji nitaliweka mwisho, maana ndilo gumu kuliko yote.

Jibu fupi ni hili. Mhadhiri wako na mwenzako wote wameona kitu cha kweli, ila kila mmoja amekivuta upande wake mpaka kikakatika. Utendi huu ulitungwa na Mkristo, akiwaimba mashujaa wa kipagani, huku akijua fika kwamba ni wapagani. Huo mchanganyiko unaokukosesha usingizi aliutia yeye mwenyewe, kwa makusudi.

Tupange miaka kwanza. Visa vinavyosimuliwa ni vya karne ya 5 na ya 6, na vinatokea Denmark na kusini mwa Sweden, nyumbani kwa Beowulf. Katika mistari yote 3,182 hakuna tukio hata moja linalotokea Uingereza. Hygelac, mjomba wake Beowulf, alikuwa mtu wa kweli: Gregory wa Tours, mwandishi wa historia ya Wafranki, aliandika habari za uvamizi uliomuua. Ukristo wa Roma uliingia Kent mwaka 597, Augustine alipotumwa na Papa Gregory I, na karne iliyofuata ilipofikia mwisho wafalme wa Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, walikuwa wameshabatizwa. Hati pekee tuliyo nayo iliandikwa na wanakili wawili karibu na mwaka 1000, ikanusurika moto wa 1731 ikiwa imeungua pembeni, na sasa iko British Library, London. Utendi wenyewe ulitungwa lini? Wapo wanaosema karne ya 8, wapo wanaousogeza hadi karibu na hati yenyewe. Kwa shabaha yako haidhuru. Vyovyote iwavyo, mshairi alisimama upande wa pili wa ubatizo, akiwatazama watu waliokufa kabla habari haijawafikia.

Sasa hilo la watawa na chomekochomeko. Mhadhiri wako hakulitunga. Ni wazo la karne ya 19, na lilikuwa na heshima zake. Wasomi wa Ujerumani na Uingereza wa wakati ule walikuwa na kiu ya kumpata babu halisi, asiyeguswa na kanisa, kwa hiyo kila walipokuta Mungu ndani ya utendi walimwona mtawa mwenye kalamu ya wizi. Mwaka 1911 na 1912 msomi Friedrich Klaeber alichambua vipengele vya Kikristo vya utendi kimoja kimoja, akaonyesha kwamba vimeenea mwili mzima, mpaka ndani ya msamiati. Wewe fanya jaribio lako mwenyewe. Chukua kalamu nyekundu ukate kila kinachonukia Biblia. Grendel atabaki bila asili. Mpini wa upanga ambao Beowulf aliuleta kutoka kilindini utapoteza picha ya gharika iliyochongwa juu yake. Mawaidha ya Hrothgar, mfalme wa Wadenmark, mistari zaidi ya 80 kuhusu kiburi, yatatoweka, nayo ndiyo yanayotuandaa kwa kifo cha Beowulf uzeeni. Kisha kuna ufundi wa ubeti. Mstari wa Kiingereza cha Kale una vipande viwili vinavyofungwa kwa sauti zinazofanana mwanzoni mwa maneno, kama sisi tunavyofunga mishororo kwa vina. Anayedhani ni rahisi kuchomeka atwae utenzi wowote wa Kiswahili, aongeze jambo lake kila baada ya beti mbili, aone kama mwenye sikio hatamkamata.

Mwenzako wa chumbani naye ana vidole vya kuhesabia. Beowulf anapozama ziwani kumsaka mama yake Grendel, Wadenmark wanakata tamaa na kuondoka saa tisa, na msomaji wa Injili anajua ndiyo saa aliyokufa Yesu. Anapokwenda uzeeni kupigana na joka litakalomuua, yeye na wenzake wanakuwa kumi na wawili, na wa kumi na tatu ni yule aliyeiba kikombe cha joka na kuleta balaa. Vita vikipamba moto wenzake wanakimbilia msituni, anabaki kijana mmoja tu, Wiglaf. Sikatai kwamba mshairi alisikia mwangwi huo. Masikio yake yalijaa Maandiko. Lakini angalia shujaa anavyokufa. Anaomba aletewe dhahabu aitazame, anashukuru kwa kuipata, anaagiza ajengewe kaburi refu juu ya rasi ili mabaharia walione. Na kifo chake hakimwokoi mtu: mjumbe anatangaza kwamba maadui watakuja, na mwanamke anaomboleza mbele ya moto akitabiri utumwa. Mshairi aliyetaka kumchora Kristo asingeishia hapo. Tena tunajua washairi wa Kiingereza cha Kale walivyofanya walipotaka kumchora Kristo kama shujaa. Walimtaja waziwazi. Nitakuja huko.

Kwa hiyo ukisoma, kila mara jiulize: nani anasema hapa? Hilo swali moja litakufungulia nusu ya utendi. Msimulizi anatuambia sisi, wasikilizaji wake Wakristo, kwamba Grendel ni wa ukoo wa Kaini aliyemuua Habili. Ndani ya hadithi hakuna mtu hata mmoja anayejua hilo. Hrothgar anapoeleza habari za Grendel na mama yake, anasema watu hawajui kama walikuwa na baba yeyote. Mfalme ameteswa na zimwi hilo miaka kumi na miwili, na kitu ambacho angejibiwa na mtoto yeyote wa shule ya Jumapili ya mshairi, yeye hakijui. Baadaye anaushika ule mpini wenye picha ya gharika, anautazama, na msimulizi anatueleza sisi maana yake. Hrothgar hasemi neno kuhusu gharika. Ameshika Kitabu cha Mwanzo mkononi na hawezi kukisoma. Mimi nikifika hapo, hata baada ya miaka hii yote, huwa nasimama kidogo.

Ndiyo maana wahusika wanamtaja Mungu mmoja, muumba na mtawala, lakini hawamtaji Kristo, wala msalaba, wala Mariamu, wala mtakatifu yeyote. Msimulizi naye hamtaji Kristo hata mara moja. Na hapohapo Woden hayupo, Thunor hayupo. Mshairi amewavua mababu zake miungu yao ya aibu, akawaachia kile ambacho mtu mwema angeweza kukifikia kwa akili yake na kwa kutazama mbingu na nchi. Joka lilipoichoma nyumba ya Beowulf, alidhani labda amemkasirisha Bwana wa milele kwa kuvunja "sheria ya kale". Sheria gani? Mshairi hasemi, na nadhani hakusema kwa makusudi. Mkristo atasikia amri za Mungu, na mpagani mwadilifu atasikia desturi za haki.

Tukifika kwenye maneno yenyewe, utaniwia radhi nikikaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tafsiri yako inapokuangusha. "Wyrd" si mungu. Ni jina lililotokana na kitenzi cha kuwa au kutokea: ni "kile kinachotokea". Huenda hapo kale sana kiliwahi kufikiriwa kama nguvu yenye uhai. Katika utendi huu neno limeshakuwa la kila siku. Soma hotuba ya Beowulf kabla ya pambano la kwanza. Anasema atakayechukuliwa na kifo aitegemee hukumu ya Bwana. Mistari kama kumi na tano baadaye, mtu yuleyule, kwa pumzi ileile, anasema wyrd huenda siku zote kama ipasavyo kwenda. Haoni mgongano wowote. Kisha msimulizi anatupangia ngazi: Grendel angeua wengi zaidi, anasema, kama Mungu mwenye hekima asingeizuia wyrd, pamoja na ushujaa wa yule mtu. Mungu yuko juu, wyrd iko chini yake, na moyo wa mwanadamu una sehemu yake. Hata katika tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya kitabu cha Boethius, mwanafalsafa wa Roma, inayohusishwa na Mfalme Alfred aliyetawala 871 hadi 899, imeelezwa hivi: jambo likiwa bado katika nia ya Mungu ni makusudio yake, likishatimia tunaliita wyrd.

Wewe unaongea Kiswahili, kwa hiyo hili halipaswi kukupa taabu. Chukua neno "ajali". Asili yake ni muda wa kufa uliopangwa, na wazee wanaposema ajali haina kinga, maana hiyo ya zamani bado inasikika. Lakini mtangazaji wa redio akisema kumetokea ajali ya basi, hakuna anayemshuku kuwa anahubiri imani ya majaliwa. Neno limetembea, likabeba vumbi la kila njia lililopita. Wyrd ni hivyo. Na "Metod", mojawapo ya majina ya Mungu katika utendi, lina mzizi wa kupima: Mpimaji, mkadiriaji. Kwa ndugu zao wa Skandinavia neno la ukoo huohuo lilibaki kumaanisha majaliwa au kifo. Sisi tuna "kadari" na "kukadiria" kutoka mzizi mmoja, na hatukuhitaji mtu kutufundisha kwamba kinachopimwa na kinachopangwa ni mapacha. "Drihten" nalo lilikuwa jina la mkuu wa kikosi cha wapiganaji kabla halijawa "Bwana" wa mbinguni, na ndani ya Beowulf linafanya kazi zote mbili. Msikilizaji alisikia mfalme na Mungu katika silabi zilezile. Usitafute mstari kwa mstari maana ipi ni ya kipagani na ipi ya Kikristo. Neno moja lina umri wa namna mbili.

Hata mazimwi yamepangwa hivyo. Msimulizi anapoorodhesha uzao wa Kaini anataja eotenas, ylfe na orcneas, viumbe vya hadithi za bibi zake, halafu anaongeza gigantas, neno la Kilatini alilolitoa kanisani, wale majitu waliopigana na Mungu. Orodha moja, ukoo mmoja. Hakuyafukuza mazimwi ya nyumbani. Aliyapatia babu katika Biblia.

Sasa mahali pagumu, na sitakuficha. Mwanzoni kabisa, katika ukumbi wa Heorot, mwimbaji wa mfalme anaimba jinsi Mwenyezi alivyoiumba dunia na kuweka jua na mwezi. Mistari kama 80 mbele, Wadenmark haohao wanaweka nadhiri kwenye mahekalu ya sanamu na kumwomba muuaji wa roho awasaidie, na msimulizi anasema kwa masikitiko: hivyo ndivyo zilivyokuwa desturi zao, tumaini la wapagani, Metod hawakumjua. Hawakumjuaje, na wimbo wameusikia juzi? Wapo waliosema sehemu ya kifungu hicho imeguswa na mkono mwingine, hata J. R. R. Tolkien, aliyeutetea utendi huu kama kazi ya sanaa katika hotuba yake ya 1936, alikitilia shaka. Wengine wanasema ni watu waliorudi nyuma kwa hofu, na historia inawaunga mkono. Bede, mtawa wa Kiingereza, katika historia ya kanisa aliyoimaliza mwaka 731, anasimulia kwamba tauni ilipopiga mwaka 664, Mfalme Sighere wa Wasaksoni wa Mashariki na wengi wa watu wake waliiacha imani na kuanza kuyakarabati mahekalu yaliyotelekezwa. Mimi naegemea hao wa pili, kwa sababu kifungu kinaongea kwa sauti ya mtu anayejua hofu inavyomrudisha binadamu kwenye mlango aliokwisha kuufunga. Lakini ni maelekeo yangu tu. Katika insha, toa njia zote mbili, chagua moja, useme kwa nini.

Ukitaka kuelewa kwa nini mchanganyiko wa namna hii haukuwashangaza, kumbuka dini iliwafikiaje. Mwaka 601 Papa Gregory aliandika barua akiagiza mahekalu yasibomolewe: sanamu zivunjwe, majengo yanyunyiziwe maji ya baraka, watu waendelee kuja mahali walipozoea. Mfalme Rædwald wa East Anglia alibatizwa Kent, akarudi nyumbani, mke wake na washauri wakamgeuza. Bede anasema katika hekalu moja aliweka altare ya Kristo na kimadhabahu kidogo cha mashetani. Wengi wanaamini kaburi la jahazi lililofukuliwa Sutton Hoo mwaka 1939 ni lake: jahazi zima limezikwa na hazina kama mazishi ya mtemi wa kale, na humo ndani mna vijiko vya fedha vyenye majina ya Sauli na Paulo kwa herufi za Kigiriki, au angalau ndivyo vinavyosomwa na wengi.

Hapo ndipo utaelewa moto wa Beowulf. Kwa Mkristo wa zama zile, kuchoma maiti kulikuwa alama ya upagani isiyo na utata; Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alipokuwa akiwalazimisha Wasaksoni wa bara kubatizwa katika miaka ya 780, aliweka adhabu ya kifo kwa anayefanya hivyo. Mshairi wetu alijua. Angeweza kumzika shujaa wake kimya. Badala yake ameuweka moto mwisho kabisa, mkubwa, unaonguruma na kuchanganyika na kilio, "na mbingu ikaumeza moshi". Mistari zaidi ya 300 kabla ya hapo alikuwa amesema roho ilimtoka Beowulf kifuani ikaenda kutafuta hukumu ya wenye haki. Je, aliipata? Maneno yanaweza kumaanisha hukumu ambayo wenye haki hupewa, au sifa ambayo wenye haki humpa mtu. Mbingu imeumeza moshi. Haikusemwa kama imeipokea roho. Hata neno la mwisho la utendi, linalomwita mwenye shauku kuu ya sifa, kwa shujaa ni taji na kwa mtawa ni kasoro. Insha yako iko hapo, mwanangu, katika mistari hiyo ya mwisho. Ningekuwa wewe ningeacha kuuliza "ni Mkristo au mpagani" nikaandika kurasa zote juu ya jinsi mshairi anavyokataa kuifunga hukumu.

Kwa kulinganisha, gusa kidogo utenzi wa Vita vya Maldon, mwaka 991. Huko mambo yamenyooka: wapagani ni adui, Waviking, na Byrhtnoth, mkuu wa jeshi la Waingereza, anakufa akimshukuru Mungu na kumwomba aipokee roho yake. Ushujaa ni uleule, kufa na mkuu wako ni kulekule, ila shaka ya Beowulf haipo.

Sasa mchungaji. Swali lake liliulizwa mwaka 797, na mtu mzito. Alcuin, msomi kutoka York, alimwandikia askofu mmoja kulalamika kwamba mezani watu wa dini wanasikiliza mpiga kinubi badala ya msomaji wa Maandiko. "Ingeld ana nini na Kristo?" aliuliza, akimfuata Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 6. Nyumba ni nyembamba, alisema, haiwezi kuwachukua wote wawili. Yule mfalme mpagani yuko motoni analia. Huyo Ingeld ni mkwe wa Hrothgar, yumo ndani ya utendi wako. Alcuin alijibu bila kusita swali ambalo mshairi wa Beowulf hakuthubutu kulifunga, na wote wawili walikuwa Wakristo. Kwa hiyo mchungaji wako ana mtangulizi mwenye jina, na wewe pia una wako: wanakili waliouandika Beowulf waliufunga ndani ya hati moja na maisha ya Mtakatifu Christopher na utenzi wa Yudithi.

Mawili ya mwisho, na haya huwezi kuyamaliza kwa kusoma majibu yangu. Kabla hujaandika ukurasa wa tatu, nenda ofisini kwa msimamizi wako na sentensi moja inayobeba hoja yako, na uulize kama idarani yupo anayesoma Kiingereza cha Kale. Hoja yoyote juu ya wyrd au Metod huwezi kuisimamisha kwa tafsiri peke yake. Tafuta toleo lenye lugha ya asili upande mmoja na tafsiri upande wa pili, ukae na mtu akusomee kwa sauti hata mistari ishirini. Na kama swali la mchungaji lilikuingia moyoni kuliko ulivyoonyesha, kama unachouliza kwa kweli ni habari za mababu zako mwenyewe waliokufa kabla ya ubatizo, basi hilo si la insha wala si la kwangu. Kaa naye ana kwa ana, umwambie hivyohivyo. Ukienda, mchukulie Ndoto ya Msalaba, utenzi wa mistari 156 ambao sehemu yake imechongwa kwa herufi za runi kwenye msalaba wa mawe wa Ruthwell, Uskoti. Humo msalaba wenyewe ndio unaosimulia, na Kristo ni shujaa kijana anayevua nguo zake na kupanda juu yake bila hofu. Mwanzishie na huo, Grendel atafuata.